Jiwe Jeusi la Uluguru

Wajerumani walipokuwa wakichimba ulanga katika milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, mwanzoni mwa karne ya 20, yalidhihiri ndani ya mishipa ya mawe meupe mabonge ya jiwe jeusi, zito kuliko umbo lake, lenye ganda la manjano. Na mwaka 1906 mwanakemia Marckwald akabainisha kuwa ganda lile ni madini yasiyopata kujulikana kabla, akayaita rutherfordini kwa taadhima ya mwanafizikia Ernest Rutherford. Jiwe jeusi lenyewe ni uraniniti, yaani urani iliyoungana na oksijeni, na ganda ni urani ile ile iliyokwisha kubadilishwa na maji na hewa.

Kukutikana kwake milimani kuna sababu. Tani moja ya mawe ya kawaida haina zaidi ya gramu 3 hivi za urani, nayo hukataa kuchangamana na wenziwe, kwa kuwa chembe zake ni kubwa na hazipati nafasi katika fuwele za madini yaliyo mengi. Basi jiwe lililoyeyuka linapopoa chini ya ardhi, urani husalia katika majimaji ya mwisho, ambayo hujipenyeza nyufani na kuganda humo. Kisha ardhi huinuka, mvua hukwangua kwa mamilioni ya miaka, na mishipa iliyozikwa mbali ikatokeza ubavuni mwa jabali.

Mtu angedhani kwamba yatosha kupanda na chombo cha kupimia mnururisho na kusikiliza kinapolia. Lakini chombo hicho, ambacho wengi hukisifu kupita kiasi, aghalabu hakipimi urani. Miale ya gama inayokifikia hutoka kwa bismathi, kitukuu chake cha mbali, anayezaliwa urani inapogeuka hatua kwa hatua, baada ya elementi ya radi na gesi ya radoni, na maji yanaweza kuitenga nasaba hii, mzee akahamia bondeni na kizazi kikabaki juu. Fauka ya hayo, udongo wa nusu mita tu huizuia karibu miale yote. Ndege nazo, ambazo mwishoni mwa miaka ya 1970 zilirushwa juu ya Tanzania kwa upimaji huu, hutaka kimo kisichobadilika. Rubani akishindwa kuufuata mteremko, bonde lenye urani huonekana tupu.

Kwa hiyo mtafiti mwenye busara huanza na vijito. Huchota maji na mchanga kila mito inapokutana, akaupanda ule ulio na urani zaidi, hata afike kwenye mshipa wenyewe.

Na maji hayo hayo hutuonyesha mengine. Urani huyeyuka penye oksijeni na kutuama isipokuwapo, kama vile penye mabaki ya mimea iliyooza. Ndiyo maana hazina kubwa ya Tanzania, ile ya Mto Mkuju wilayani Namtumbo, imo katika mawe ya mchanga, si katika mishipa ya milimani. Uluguru imewapa wanasayansi vielelezo vya thamani. Mwenye kutafuta tani, na ashuke.

Na msomaji atakayeokota mlimani jiwe jeusi, zito, lenye ganda la manjano, asiliweke chumbani, kwa kuwa hutoa radoni; aliache mahali pake, awapelekee habari Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma.