Kwa nini lami ya mtaani huchelewa

Kuweka lami upya kwenye kilomita moja ya barabara ya mtaa si kazi ndefu. Tabaka bovu likishakwanguliwa, msingi ukatengenezwa na kushindiliwa, lami ya moto humwagwa na kusawazishwa kwa siku chache tu. Hata hivyo, katika miji ya Tanzania kazi kama hiyo huweza kuvuka msimu mzima wa mvua barabara ikiwa imefukuliwa na vifusi vimerundikwa milangoni mwa maduka. Muda mwingi haupotei barabarani. Hupotea ofisini.

Barabara za mitaa ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanza kazi mwaka 2017. Mtandao wake unazidi kilomita 144,000, nyingi zikiwa bado za udongo na changarawe. Fedha za matengenezo hutoka hasa Mfuko wa Barabara, ambao chanzo chake kikuu ni tozo ya mafuta. Mwaka 2021 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Dar es Salaam ilipata pia mradi wa kuendeleza jiji (DMDP), uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300 ulioidhinishwa mwaka 2015.

Ugumu huanzia kwenye kalenda. Mwaka wa fedha hufunguliwa Julai 1, mwanzoni mwa msimu mkavu wa pwani, na hicho ndicho kipindi bora cha kazi ya lami. Lakini wakati huo zabuni ndiyo kwanza inatangazwa, kisha hufuata tathmini, majadiliano na kusaini mkataba. Mkandarasi huweza kukabidhiwa eneo la kazi Oktoba, vuli ikiwa inabisha hodi. Lami haimwagwi juu ya tabaka lililolowa, wala kifusi kilichojaa maji hakishindiliki. Asipowahi kufunika msingi kabla ya masika ya Machi, sehemu ya kazi aliyokwisha kuifanya huharibika na kurudiwa. Zabuni zingeandaliwa mapema ili mkataba uwe tayari Julai, miezi mingi ingeokolewa bila kuongeza hata shilingi moja kwenye bajeti.

Chini ya ardhi nako kuna mambo. Mabomba ya maji ya mitaa mikongwe hayapo yote kwenye ramani, na mengine yamevutwa na wakazi wenyewe, tena kwa kina kifupi. Kijiko kikipasua bomba, maji huingia kwenye msingi uliokwisha kushindiliwa. Hapo kifusi huondolewa, huletwa kingine, humwagiwa maji kwa kiasi na kushindiliwa upya tabaka kwa tabaka, kisha hupimwa tena kabla mhandisi hajaruhusu hatua inayofuata. Nguzo ya umeme iliyo ndani ya hifadhi ya barabara nayo husubiri mamlaka nyingine, yenye bajeti yake na ratiba yake.

Hata hivyo, kinachoumiza zaidi ni malipo. Kazi iliyofanyika hupimwa, mhandisi huikagua, kisha hutolewa hati ya malipo, inayojulikana saiti kama setifiketi. Mikataba ya mwaka 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ambayo imetumika sana kwenye miradi ya wafadhili, humpa mwajiri, yaani mwenye mradi, siku 56 za kulipa tangu mhandisi apokee madai. Zikipita, mkandarasi ana haki ya kudai riba, na anaweza kupunguza kasi au kusimamisha kazi baada ya kutoa notisi ya siku 21. Mkandarasi mdogo wa ndani huogopa kutumia haki hizo, kwa kuwa zabuni ijayo ataiomba kwa mwajiri yule yule. Hukopa benki ili alipe dizeli na vibarua, na mkopo ukimzidi hupeleka greda kwenye saiti inayolipa. Wakazi huona mashine zimeondoka na mlinzi amebaki peke yake.

Lami yenyewe, ambayo hutokana na mafuta ghafi, huagizwa kutoka nje. Hata kiwanda cha jirani Kenya, kile cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Bei ya lami hufuata dola, ilhali mikataba mifupi huwa ya bei isiyobadilika. Kila mwezi wa kuchelewa humwachia mkandarasi hatari ya kununua lami kwa bei ambayo zabuni yake haikuihesabu.

Gharama nyingine haimo kwenye mkataba wowote. Mwenye duka hutandika mbao juu ya mtaro ili mteja avuke. Mama lishe hufunika sufuria kwa sababu ya vumbi. Bodaboda huzunguka mtaa wa pili na kuongeza nauli. Mkandarasi akichelewa kwa kosa lake, hukatwa fidia kwa kila siku, na fedha hizo hubaki kwa mwajiri. Mwajiri akichelewa kulipa, riba huenda kwa mkandarasi. Mfanyabiashara wa pembeni hana fungu kwa vyovyote vile, ingawa mauzo aliyoyapoteza ni hasara halisi inayostahili kuhesabiwa tangu mradi unapopangwa.