Kwa nini wahadhiri wanaikataa Wikipedia, na mwanafunzi aitumieje?

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Kanga, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, ametakiwa aandike kuhusu kata yao. Anaandika "Kanga" kwenye simu, analetewa kanga ya kuvaa na kanga ndege. Akiongeza neno "Mafia", anaifikia kata yao kwenye Wikipedia. Ananakili, anakabidhi kazi, na mhadhiri anamkata alama. Kosa lake ni nini?

Wikipedia ni kamusi elezo ya mtandaoni, yaani mkusanyo wa maarifa ambao mtu yeyote anaweza kuusoma bure, kuuandika na kuusahihisha. Ilianza kwa Kiingereza Januari 2001. Ya Kiswahili ilianza 2003, na Mtanzania Ndesanjo Macha ni miongoni mwa walioijenga mapema. Wanaoandika humo ni watu wa kujitolea.

Hapo ndipo wahadhiri wengi wanapopata shaka: aliyeandika ni nani? Mwaka 2007, huko Marekani, wanafunzi kadhaa wa chuo cha Middlebury walirudia kosa lilelile kuhusu historia ya Japani, walilolitoa Wikipedia. Idara ya historia ikapiga marufuku kuitaja kama ushahidi. Lakini haikukataza kuisoma.

Wapo wanaoitetea. Mwaka 2005 jarida la Nature liliwapa wataalamu makala 42 za sayansi wazikague. Kwa wastani walikuta makosa kama manne katika kila makala ya Wikipedia, na matatu katika Britannica, inayoandikwa na wataalamu. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko wengi walivyodhani.

Nchini Hispania, watafiti waliwauliza wahadhiri zaidi ya 900. Wengi walikuwa wakiisoma wenyewe na kuiona inafaa, ila waliokuwa wakiitumia kufundishia walikuwa wachache. Mtazamo wa wenzao kazini nao uliwaathiri.

Kwa hiyo ugomvi si kuisoma, ni kuifanya shahidi wa mwisho. Nahodha akisikia uvumi kuhusu bahari haupuuzi, lakini hang'oi nanga mpaka amuulize aliyetoka huko.

Ukiwa na simu, fanya hivi:

Kwanza, shuka mpaka chini ya ukurasa, utazame marejeo. Hapo ndipo penye vitabu na ripoti zilizotumika. Soma hizo, uzitaje hizo. Ukurasa usio na marejeo usiutegemee.

Pili, angalia mwaka wa takwimu. Ukisoma kwamba wilaya ya Mafia ina watu 46,438, ujue hiyo ni sensa ya 2012. Sensa nyingine ilifanyika 2022, hivyo tafuta ripoti yake.

Tatu, fungua historia ya ukurasa. Inaonyesha kila badiliko lilifanywa lini.

Nne, usinakili neno kwa neno. Huo ni wizi wa maandishi, hata kama kitabu ni cha bure.

Wapo pia wahadhiri, katika nchi mbalimbali, wanaowapa wanafunzi kazi ya kuandika Wikipedia yenyewe. Mwanafunzi hujifunza haraka kwamba kila sentensi inahitaji ushahidi. Mwishoni mwa 2009 Google nayo iliwashindanisha wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania kuandika makala za Kiswahili.

Jambo hili linatugusa sisi wa vijijini zaidi. Mwanafunzi wa mjini akikosa kitu mtandaoni, ana maktaba. Wa Kanga mara nyingi ana simu tu, na kuhusu kwao atakuta mistari michache. Mzee anayejua visima, mashamba na majina ya zamani ya Kanga hawezi kutajwa Wikipedia kwa mdomo tu, kwa sababu kanuni zake zinataka maandishi yaliyochapishwa. Mwanafunzi akimhoji mzee huyo kwa utaratibu na kazi yake ikachapishwa, hapo wengine watakuwa na cha kurejea.