Chumba cha Uani

Agosti huko Ekalakala, upande wa Masinga katika Machakos, ni mwezi wa vumbi. Shule zikifungwa, nyumba ya dada yangu hugeuka soko: watoto wake watano, mbuzi, punda wa maji, na sufuria ya muthokoi, ambayo sisi wa pwani tungeiita kande, iko motoni tangu alfajiri.

Wa sita ni kijana wa miaka 11, mzaliwa wa Ngazija, yatima. Shemeji alimchukua kwa kuwa marehemu baba yake alikuwa rafiki yake. Kikamba chake sasa chawashinda wenzake.

Maneno yalizuka juu ya fomu ya shule. Jirani alishauri pale penye jina la baba liandikwe la shemeji, mtoto asijione mgeni. Shemeji akakataa. Wasomaji mwamkumbuka Zaid bin Haritha, aliyekuwa akiitwa Zaid bin Muhammad mpaka iliposhuka aya ya tano ya Sura Al-Ahzab. Hata Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inaitaja kafala, yaani kulea bila kugusa nasaba.

Mtoto wa kafala harithi, ila aweza kuusiwa hadi theluthi ya mali. Wasia umekwisha andikwa. Zito, kwangu mimi, ni jingine. Akibaleghe, dada na binti zake watajistiri mbele yake, maana hakunyonya kwake. Ndiyo sababu mafundi wanajenga chumba uani. Kijana ndiye abebaye matofali, akiwaringia wenzake kwamba yeye wa kwanza kupata chumba chake.