Waya wa Shaba au Mkongo: Mambo ya Kupima Kabla ya Kukata Simu ya Zamani

Mji wa Tunduma unaijua shaba kuliko miji mingi ya Tanzania. Malori yaliyobeba shaba ya Zambia na ya Kongo huvuka mpaka hapo yakielekea bandari ya Dar es Salaam, na wenyeji wameyazoea. Ipo hata hivyo shaba nyingine ambayo mara nyingi haitazamwi: ni ule waya mwembamba unaoingia ofisini au nyumbani ukitokea nguzoni, ukabeba simu ya mezani na, kwa baadhi ya watumiaji, intaneti pia. Sasa waya huo unashindana na mkongo, yaani nyuzi za kioo zinazosafirisha sauti na taarifa kwa njia ya mwanga.

Mtumiaji mwenye waya wa shaba anapoambiwa ahamie kwenye mkongo, hujikuta kati ya mawili: akatae kwa mazoea, au akubali kwa kuvutiwa na kasi. Katika makala haya tunaeleza tofauti ya njia hizi mbili ili uamuzi wake uwe wa mtu anayejua anachokipata na anachokiacha.

Tulikotoka

Kwa miaka mingi simu nchini ilikuwa kazi ya Shirika la Posta na Simu. Mwaka 1994 shirika hilo liligawanywa: huduma za posta zikapata shirika lake, na za simu zikakabidhiwa kampuni ya TTCL, ambayo leo ni Shirika la Mawasiliano Tanzania. Namba za mezani za eneo letu, zinazoanza na 025, ni urithi wa mpango huo wa simu za waya.

Mwaka 2009 ulianza ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao umefika hadi mipakani, Tunduma ikiwemo. Mkongo huo ni kama barabara kuu: kupita kwake mjini hakumaanishi kwamba umeingia katika kila nyumba. Kipande cha kutoka barabara kuu hadi mlangoni kwa mtumiaji kinaweza kuwa cha kioo, cha shaba au cha mawimbi ya hewani. Kipande hicho ndicho tunachokizungumzia hapa.

Kwanza hakikisha una waya gani

Si kila simu iliyo mezani ni ya waya wa shaba. Zimekuwapo simu za mezani zinazotumia mawimbi ya hewani. Hizo huwa na antena ndogo na hazihitaji waya wa kutoka nguzoni. Ukitaka kujua, fuata waya wa simu yako hadi ukutani, kisha nje. Kama unaishia kwenye kebo nyembamba inayotoka nguzoni, simu yako ni ya shaba.

Jaribio la pili ni rahisi zaidi. Umeme unapokatika, inua simu usikilize. Ukisikia mlio wa kawaida wa kupigia ingawa nyumba yote iko gizani, simu hiyo inapata nguvu kutoka kituo cha simu kupitia waya uleule unaobeba sauti. Kituo hicho hupeleka umeme mdogo wa volti 48 hivi, nacho hutegemea betri na jenereta zake.

Kinachofanya shaba ithaminiwe

Sifa hiyo ya kufanya kazi bila umeme wa nyumbani ndiyo sababu kubwa ya kuibakiza shaba. Mzee anayeishi peke yake, zahanati inayoita gari la wagonjwa usiku, au duka lililovamiwa baada ya umeme kukatwa, wote wanahitaji simu itakayoita palepale. Namba ya dharura 112 haina faida kama chombo cha kuipigia kimezimika.

Lakini sifa hii ina mipaka mitatu, na watumiaji wengi huisahau. Kwanza, ni ya simu ya kawaida iliyounganishwa kwa waya tu. Simu ya mezani yenye kishikio kisicho na waya huchukua umeme wa ukutani, hivyo huzimika pamoja na taa. Pili, ni ya sauti tu. Intaneti ya shaba hupitia modemu, na modemu huhitaji umeme kama kifaa kingine chochote. Tatu, betri za kituo hazidumu milele. Mkatiko mrefu sana huweza kukizima kituo chenyewe kisipokuwa na jenereta inayofanya kazi.

Kinachoidhoofisha shaba

Intaneti ya shaba husafiri kwenye waya mmoja na sauti, lakini kwa masafa ya juu zaidi. Masafa hayo hufifia kadiri waya unavyokuwa mrefu. Aina iliyoenea ya huduma hii huweza kufikia megabiti 24 kwa sekunde karibu kabisa na kituo, na hupungua haraka mtumiaji anapokuwa mbali. Akifika umbali wa kilomita 5 hivi, huenda asipate huduma ya maana. Kwa hiyo majirani wawili wanaolipia kifurushi kimoja wanaweza kupata kasi tofauti bila yeyote kuwa amedanganywa.

Maji nayo ni adui wa shaba. Kiungo kikivuja wakati wa masika, waya huota kutu ya kijani, sauti hukwaruza na intaneti hukatikakatika. Mwenyeji wa Ivuna, ambako chumvi imetengenezwa tangu zamani, hahitaji kuelezwa kwa kirefu yanayoipata metali iliyokaa katika unyevu wa chumvi. Radi pia hufuata nyaya za shaba hadi ndani ya nyumba na kuunguza vifaa. Kioo hakipitishi umeme, hivyo njia hiyo ya radi haimo katika uzi wa mkongo wenyewe, ingawa kifaa kinaweza bado kuunguzwa kupitia soketi ya ukutani.

Tatizo jingine ni wizi. Shaba ina bei, na nyaya zake hukatwa ili ziuzwe kama chuma chakavu. Mtaa mzima huweza kukaa bila simu kwa sababu ya mita chache zilizoibwa. Mkongo hukatwa pia, mara nyingi na wachimbaji wa barabara na mitaro ya maji, lakini uzi wa kioo hauna soko kwa mnunuzi wa vyuma.

Mkongo unaleta nini, unadai nini

Katika mfumo unaotumika sana majumbani, uzi mmoja kutoka kituoni hugawanywa kuhudumia nyumba kadhaa, mara nyingi hadi 32 au 64, na huweza kufika kilomita 20 bila kasi kuporomoka kama inavyokuwa kwenye shaba. Kwa mtu anayejaza nyaraka za forodha mtandaoni, kwa shule yenye kompyuta nyingi, au kwa familia inayozungumza kwa video na ndugu walio mbali, tofauti huonekana siku ya kwanza.

Mkongo, kwa upande mwingine, hauleti umeme. Mwanga unaoingia nyumbani hugeuzwa kuwa sauti na taarifa na kisanduku kidogo kinachochomekwa ukutani. Umeme ukikatika, kisanduku huzimika, na simu ya mezani iliyounganishwa nacho huzimika papo hapo.

Suala hili si la Tanzania peke yake. Uingereza ilipanga kuzima mtandao wake wa zamani wa simu mwishoni mwa 2025, kisha ikasogeza tarehe hadi Januari 2027. Sababu mojawapo ilikuwa hofu juu ya wazee na wagonjwa wenye vifaa vya kuitia msaada nyumbani, vilivyounganishwa na simu za zamani. Nchi yenye umeme wa uhakika imeona haja ya kusubiri. Mtumiaji wa Songwe ana sababu zaidi ya kujiandaa.

Maandalizi yenyewe si ya gharama ya kutisha. Chukua betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampia 7 kwa saa. Hiyo ina nguvu ya wati 84 kwa saa moja. Kisanduku cha mkongo pamoja na ruta hutumia, tuseme, wati 15. Kwa hesabu ya karatasi vitadumu zaidi ya saa 5. Lakini betri ya asidi haifai kumalizwa kabisa, na nguvu nyingine hupotea njiani. Kwa hiyo panga kupata saa 3 hivi. Mwenye sola nyumbani anaweza kuunganisha vifaa hivi kwenye betri zake, mradi fundi ahakikishe volti zinalingana.

Msomaji wa Ivuna na jambo hili

Msomaji aliye Ivuna, upande wa Ziwa Rukwa, anaweza kusema kwamba simu anayoijua ni ya mkononi, na kwamba mjadala huu ni wa watu wa Tunduma na Vwawa. Tunamsihi asiupite. Kwanza, mnara wa simu ya mkononi nao unategemea umeme na njia ya kuufikisha mawasiliano makao makuu; anayeacha simu ya waya kwa kutumaini ya mkononi ahakikishe kwamba vyote viwili havitazimika kwa sababu moja. Pili, mkongo ukisogea hadi kwenye shule, zahanati na ofisi za kata, wanakamati ndio watakaoulizwa watie sahihi. Maswali yaliyo hapa chini yatawafaa wao kama yanavyomfaa mfanyabiashara wa mpakani.

Yapi yakuongoze

Bakiza shaba kwa sasa ikiwa sauti yake ni safi, intaneti yake inatosha kazi zako, huna umeme wa akiba, na kuna mtu nyumbani ambaye uhai wake unaweza kutegemea simu hiyo. Hama ikiwa waya wako hukwaruza kila mvua inaponyesha, mafundi wamerudi mara kwa mara bila nafuu, au kazi yako inahitaji kasi ambayo umbali wako hauruhusu.

Jua pia kwamba kubakiza shaba si uamuzi wa milele. Watumiaji wakipungua, mtoa huduma hukosa sababu ya kuendelea kuitengeneza, na waya ukishaondolewa ni vigumu kurudishiwa. Mwenye kubaki abaki huku akijiandaa.

Kabla ya kutia sahihi, muulize mtoa huduma haya, na umwombe majibu kwa maandishi:

1. Je, namba yangu ya mezani itabaki ileile? Utaratibu wa kuhama mtandao bila kubadili namba, ulioanza mwaka 2017, ulihusu simu za mkononi. Usidhani unaihusu namba yako ya mezani mpaka uthibitishiwe.
2. Je, simu ya sauti imo katika kifurushi, au ni intaneti pekee?
3. Kisanduku ni mali ya nani, na kikiungua nani analipa?
4. Je, mnatoa betri ya akiba? Itadumu saa ngapi?
5. Kasi mnayoitaja ni ya juu kabisa, au ndiyo nitakayoipata wakati wa jioni, watu wengi wanapotumia?
6. Gharama ya kuunganisha, ya mwezi, na ya kuvunja mkataba ni kiasi gani?
7. Mashine ya faksi, kengele ya usalama au kifaa cha malipo kilichounganishwa na simu ya sasa vitafanya kazi?

La mwisho, na ndilo tunalolisisitiza kuliko yote: usikate simu ya zamani siku unapounganishwa na mpya. Ukiweza kumudu, ziendeshe zote mbili kwa mwezi mmoja. Ngoja umeme ukatike, au uzime swichi kuu mwenyewe, kisha jaribu kumpigia ndugu. Huduma mpya ikishavuka jaribio hilo, omba kusitishiwa ya zamani kwa barua na utunze nakala, ili usije ukadaiwa ankara ya simu usiyonayo.

Ukipata tatizo, anza kwa mtoa huduma wako: eleza malalamiko, taja tarehe, na chukua namba ya kumbukumbu. Usiporidhika, peleka malalamiko hayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yenye ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa kusikiliza na kutetea maslahi ya watumiaji. Beba mkataba, risiti na maelezo uliyopewa kwa maandishi. Mlalamikaji mwenye karatasi husikilizwa mapema kuliko mwenye kumbukumbu ya kichwani tu.