Je, Wajua? Kilo za Mwaka wa Kumi

Je, wajua kwamba mtu anaweza kupunguza kilo 16 na bado akajiona ameshindwa? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliwaomba wanawake 60 wanene, kabla hawajaanza tiba, wataje uzito wa aina tano: wa lengo, wa ndoto, wa kuwafurahisha, wa kukubalika tu, na ule ambao ungewavunja moyo. Kwa wastani walikuwa na kilo 99. Lengo lao lilikuwa kupunguza asilimia 32 ya uzito wote. Kupungua kilo 25 walisema kunakubalika. Kupungua kilo 17, walisema, kungewasononesha. Baada ya wiki 48 za tiba walikuwa wamepungua kilo 16 kwa wastani, na asilimia 47 yao hawakuwa wamefika hata kwenye ule uzito wa kuvunjika moyo.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1997, na wanawake hao hawakupigwa kisu. Walitibiwa kwa lishe na mazoezi. Ile asilimia 32 waliyoitamani ni kiwango ambacho kwa kawaida hufikiwa kwa upasuaji wa kupunguza uzito, tena kwa muda tu. Ndiyo maana swali la kilo ngapi ni heri liulizwe kabla ya kulazwa kitandani, wala lisingoje miaka miwili baadaye, mtu anapoanza kuiogopa mizani.

Je, wajua hali huwaje mwaka wa kumi? Wasweden wamelijibu swali hilo kwa uvumilivu wa kupigiwa mfano. Kuanzia mwaka 1987 waliwaandikisha zaidi ya watu 2,000 waliochagua upasuaji, pamoja na wengine zaidi ya 2,000 wa hali kama yao waliopata matibabu ya kawaida, wakawafuatilia miaka nenda rudi. Waliofanyiwa baipasi, yaani mfuko wa chakula kufanywa kifuko kidogo na njia ya chakula kuchepushwa, walishuka asilimia 32 ndani ya mwaka mmoja au miwili. Baada ya miaka kumi walibaki wamepungua asilimia 25. Waliowekewa mkanda wa kubana tumbo walishuka asilimia 20, wakaishia kwenye 14. Wasiopasuliwa walicheza palepale, asilimia 2 juu au chini.

Wengi huzisoma namba hizo kwa huzuni: kumbe kilo hurudi. Mimi nazisoma kinyume. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2007, baada ya ufuatiliaji wa karibu miaka 11 kwa wastani, yalionyesha kwamba vifo katika kundi la waliopasuliwa vilikuwa pungufu kwa karibu robo. Faida hiyo waliipata watu ambao sehemu ya kilo zao ilikuwa imesharudi. Hawakuwa wembamba, lakini walikuwa hai.

Tulifanyie hesabu jambo hili, maana hapa ndipo lengo linapopatikana. Chukua mama wa kilo 120 mwenye urefu wa mita 1.60. Ili aingie katika kile majedwali yanachokiita uzito wa kawaida, yaani BMI (kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu) isiyozidi 25, ingebidi afike kilo 64. Uzito wake wa ziada, kwa hesabu hiyo, ni kilo 56. Akifanyiwa baipasi na mambo yakamwendea kama ilivyokuwa kwa wale Wasweden, atashuka hadi kama kilo 82, kisha mwaka wa kumi atakuwa kwenye 90. BMI yake itakuwa 35, na mpita njia bado atamwita mnene. Lakini ameiacha zaidi ya nusu ya uzito wake wa ziada, na kwa muda mrefu madaktari wa upasuaji wamekuwa wakiita nusu hiyo mafanikio. Mama huyu akiweka lengo la kilo 64, kila siku ya maisha yake mapya ataihesabu kuwa siku ya kushindwa. Akiweka lengo la kufika kilo 80 na kitu na kubaki chini ya 95, atafika, na kubaki huko kutakuwa kazi anayoiweza. Hesabu hii ni ya wastani tu. Wapo wanaopungua zaidi yake na wapo wanaopungua kidogo, hasa wenye kisukari wanaotumia insulini.

Je, wajua kwamba neno "uzito unaofaa" liliingia hospitalini kutoka ofisi za bima? Kampuni ya Metropolitan Life ya New York ilitoa majedwali ya uzito na urefu katika miaka ya 1940, ikayarekebisha mwaka 1959 na tena 1983. Chanzo chake kilikuwa wateja wa bima wenyewe: nani aliishi muda mrefu, nani alikufa mapema, na alikuwa na kilo ngapi aliponunua bima. Jedwali la 1983 lilimhesabu mtu akiwa na nguo na viatu vyake, na ukubwa wa mifupa ukakisiwa kwa kupima upana wa kiwiko. Kwa miaka mingi wagonjwa wa upasuaji walipimwa mafanikio yao kwa majedwali hayo. Hata BMI ilitokana na Mbelgiji Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa karne ya 19 aliyekuwa akitafuta mtu wa wastani, wala hakuwa na mgonjwa yeyote mbele yake. Vipimo hivi vina kazi yake katika kulinganisha makundi ya watu. Kumpangia mtu mmoja hatima ya mwili wake ni mzigo ambao havikuumbwa kuubeba.

Kwa sababu hiyo tafiti nyingi za siku hizi huhesabu umepungua asilimia ngapi ya uzito ulioanza nao mwenyewe. Ukikutana na daktari wako, muulize hivi: watu wa uzito kama wangu, wa umri kama wangu, waliofanyiwa upasuaji huu, wamebaki wapi baada ya miaka mitano? Kwa baipasi majibu yapo. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2018 uliwafuatilia waliofanyiwa baipasi kwa miaka saba na kuwakuta wamepungua asilimia 28 kwa wastani.

Je, wajua kwamba mwili una uzito wake unaoulinda? Mwaka 1999 Masayasu Kojima, Kenji Kangawa na wenzao nchini Japani waligundua ghrelini, homoni inayotengenezwa kwa wingi tumboni na inayopanda kabla ya mlo. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Seattle waliwapima watu waliopungua asilimia 17 kwa lishe pekee: ghrelini yao ilikuwa imepanda kwa asilimia 24. Mwili uliona njaa imeingia nchini, ukapiga baragumu. Waliofanyiwa baipasi, ingawa walipungua zaidi, walikuwa na ghrelini ndogo kuliko hata watu wembamba. Na katika ule upasuaji wa kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kuacha mrija wenye umbo la ndizi, kinachotolewa ni pamoja na sehemu ya juu ya mfuko, ambako homoni hiyo hutengenezwa zaidi.

Lililonishangaza kuliko yote ni la panya. Mwaka 2010 watafiti wa Cincinnati waliwakata panya wanene mifuko ya chakula kwa namna hiyohiyo. Panya wakapungua, kisha wakatulia kwenye uzito fulani. Hapo wakanyimwa chakula hadi wakakonda kupita hapo. Waliporudishiwa chakula, walikula kwa wingi, na vitumbo vyao vidogo hivyohivyo, mpaka wakarudi kwenye uzito waliotulia nao baada ya kisu. Wakaishia hapo, hawakuendelea kupanda hadi unene wao wa zamani. Maana yake ni kwamba udogo wa tumbo haukuwa ukiwazuia kula. Upasuaji ulikuwa umeshusha kile kiwango ambacho mwili hukilinda. Mtu si panya, lakini wengi waliopasuliwa watalitambua jambo hili: ukishafika mahali fulani mwili husimama, na kila kilo unayoing'oa chini ya hapo hukudai kwa njaa, baridi na uchovu. Mahali hapo pa kusimama ndipo lengo halisi lilipo, na mara nyingi hupajui mpaka ufike.

Je, wajua kwamba sukari ya damu huweza kushuka kabla ya kilo? Walter Pories wa chuo kikuu cha East Carolina aliandika mwaka 1995 kuhusu wagonjwa wa kisukari waliofanyiwa baipasi: wengi sukari yao ilirudi kawaida ndani ya siku chache, miili yao ikiwa bado mizito vilevile. Andika basi malengo mengine kando ya kilo: dawa ngapi za presha, magoti yanakupandisha ngazi ngapi, usingizi unakuja bila kukoroma na kukabwa pumzi?

Uzito wa chini kabisa kwa kawaida hufikiwa kati ya mwaka mmoja na miwili baada ya upasuaji, kisha kilo kadhaa hupanda. Si uvivu. Namba ya siku ile ya chini kabisa haifai kuwa kipimo cha maisha, ingawa ndiyo kila mtu huipiga picha.

Kwetu Afrika Mashariki namba hiyo ya chini ina mtihani mwingine. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao wa kigeni waliandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa mpya ambao wenyeji waliuita "slim", kukonda, kwa sababu waliougua waliisha mwili. Ulikuwa ukimwi. Tangu hapo aliyepungua kwa kasi huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa. Shangazi hukusukumia sahani, jirani hukutazama mashavu yaliyobonyea. Nimewaona watu wakirudia chapati na soda ili tu majirani wanyamaze. Hilo linaniuma, kwa sababu mtu amevumilia kisu na maumivu, halafu anashindwa na macho ya watu. Waambie wa nyumbani mapema, kabla ya upasuaji, kwamba mwaka wa kwanza sura itabadilika, na kwamba haitabaki hivyo.

Je, wajua kwamba kinachorudisha kilo mara nyingi hakishibishi? Aliyebakiwa na tumbo dogo hawezi kumaliza sahani ya ugali na nyama. Lakini chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari hupita bila kizuizi, soda na juisi kadhalika, na karanga na kashata za kudonoadonoa tangu asubuhi hadi usiku hazilijazi tumbo hata mara moja. Wataalamu wa lishe hutaka protini ianze: samaki, yai, kuku, maharage, mtindi, ndipo mboga, na wanga uje mwisho ukipata nafasi. Sababu ipo. Katika kupungua kwa kasi mwili hauchomi mafuta tu; hupoteza na misuli, na misuli ikipungua mahitaji ya nishati nayo hushuka. Mazoezi ya kunyanyua vitu vizito, hata madumu ya maji, yana kazi kubwa hapa kuliko watu wanavyodhani.

Pombe nayo, baada ya baipasi, huingia katika damu upesi na kupanda juu zaidi kuliko zamani. Utafiti uliofanywa katika hospitali kumi za Marekani na kutangazwa mwaka 2012 uliona matatizo ya ulevi yakiongezeka mwaka wa pili baada ya upasuaji, wakati ambapo wengi huwa wameshaacha kwenda kliniki.

Vitamini B12 ni mfano mwingine wa jambo linalochelewa kuonekana. Ini huhifadhi akiba yake ya miaka kadhaa, kwa hiyo aliyepasuliwa akiacha vidonge vya vitamini hiyo hujiona mzima, mpaka ganzi ya miguu na upungufu wa damu vinapobisha hodi baadaye sana. Vidonge hivi ni vya maisha, uzito uwe umefika lengo au haujafika.

Je, wajua kwamba puto la kupunguza uzito si upasuaji? Hospitali ya Mloganzila, jijini Dar es Salaam, imekuwa ikiwawekea watu puto maalumu tumboni. Huingizwa kupitia mdomoni na hutolewa baada ya miezi kadhaa. Linasaidia, lakini likishatoka tumbo ni lilelile, na hakuna kiungo kilichobadilishwa. Anayechagua puto asiazime lengo la jirani yake aliyefanyiwa baipasi.

Na kuhusu kulinda uzito uliopatikana, lipo jaribio la Rena Wing na wenzake katika jimbo la Rhode Island, lililochapishwa mwaka 2006. Walichukua watu 314 waliokwisha kupungua kilo 19 kwa wastani, kwa njia mbalimbali, wakawagawa katika makundi matatu: waliokutana na wataalamu ana kwa ana, waliosaidiwa kwa intaneti, na waliotumiwa vijarida tu. Makundi mawili ya kwanza yalifundishwa kupanda mizani kila siku na kusoma rangi. Aliyebaki ndani ya kilo moja na nusu hivi ya uzito wake alikuwa kwenye kijani. Aliyezidi hapo aliingia njano, akaangalia upya anachokula na mwendo wake. Aliyefika kilo 2.3 aliingia nyekundu, na kwake agizo lilikuwa kurudi kwenye mpango ule uliompunguza mwanzo na kupata msaada wa mtu. Baada ya miezi 18, waliokuwa wamerudisha kilo 2.3 au zaidi walikuwa asilimia 72 katika kundi la vijarida, 55 katika kundi la intaneti, na 46 miongoni mwa waliokutana ana kwa ana. Kilo 2.3 ni kidogo kiasi kwamba suruali haijakubana wala hakuna aliyekuuliza, na bado kliniki inaweza kukusaidia kuzishusha kwa wiki chache. Zikiwa kilo 15, daktari atalazimika kuanza na vipimo: kifuko kimetanuka, kuna dawa mpya inayonenepesha, ni msongo wa mawazo, ni tezi? Kisha atazungumza nawe kuhusu dawa za sindano za kupunguza hamu ya kula, au upasuaji wa kurekebisha.