Fedha Imelipwa, Mali Haipo

Makala haya yanahusu chupa moja ya wiski. Twaomba radhi mapema kwa wale ambao kusikia tu jina hilo kwawakera. Si desturi ya ukurasa huu kuwatafutia watu ulevi, wala hatuanzi leo. Kilichotushughulisha ni fedha iliyotangulizwa, ahadi iliyovunjwa, na amana ya watu kumi na tisa iliyokuwa mikononi mwa mtu mmoja. Lau kwamba bidhaa yenyewe ingekuwa mashine ya mashua au friji, kisa kingekuwa kile kile.

Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa visiwa hivi, amekaa Scotland miaka mingi na anafanya kazi katika ghala moja mjini Glasgow. Msimamizi wao alikuwa karibu kustaafu. Wenzake walichanga fedha wamnunulie zawadi, wakamkabidhi yeye kazi ya kuinunua, na sababu waliyoitoa ilikuwa moja: yeye hanywi, kwa hiyo chupa itafika salama. Walikusanya pauni 640. Mzee yule alizaliwa Falkirk, na wafanyakazi wakaona kwamba hakuna kitakachomfurahisha kuliko wiski ya Rosebank, kiwanda cha mji huo huo kilichofungwa mwaka 1993.

Hapa yafaa tueleze kidogo kwa nini kitu kama hiki huadimika, maana wengi hudhani uhaba wote ni wa kuficha mali. Sheria ya Uingereza yataka wiski ya Scotland ikae katika mapipa ya mwaloni, yasiyozidi lita 700, kwa muda usiopungua miaka mitatu, na ikae huko huko Scotland. Nyingi hukaa miaka kumi, ishirini au zaidi. Katika muda huo pipa hupungua kwa kuvukiza, kama asilimia mbili kwa mwaka, na wenyewe hukiita kilichopotea fungu la malaika. Kiwanda kikifungwa, mapipa yaliyobaki ndiyo hayo. Hakuna atakayerudi nyuma kuzalisha wiski ya mwaka 1990. Rosebank ilianza tena kazi mwaka 2023, lakini itakayotoka sasa si ile ya zamani. Uadimu huo ndio uliozaa bei za kustaajabisha. Mwaka 2023 chupa moja ya Macallan ya mwaka 1926, miongoni mwa chupa 40 zilizotoka katika pipa moja, ilinadiwa mjini London ikapita pauni milioni mbili. Mtu wa kawaida anayechanga pauni 30 anaingia katika soko hilo kwa mlango wa nyuma.

Ndugu yetu alipata duka lililotangaza chupa aliyoitaka. Kabla ya kulipa aliandika kwa mkono wake kwamba chupa ni ya zawadi, na kwamba sherehe ni tarehe 12 Desemba. Duka likajibu kuwa hapana wasiwasi, mali itafika kabla ya tarehe 20 Novemba. Akalipa arabuni ya pauni 120 kwa kadi ya mkopo, na zilizobaki, pauni 520, akazipeleka kutoka benki yake moja kwa moja. Tunaomba msomaji azishike hesabu hizi mbili, kwani zitakuja kumwokoa.

Tarehe 20 ilipita. Tarehe 24 ukaja ujumbe mfupi kwamba duka linasikitika, mgao wake kutoka kwa msambazaji umepunguzwa na chupa haipo. Mteja alipewa hiari mbili: achukue hati ya kununulia bidhaa nyingine dukani humo, itakayodumu mwaka mmoja, au apelekewe chupa ya kiwanda kingine yenye bei ndogo, na tofauti aandikiwe katika hati hiyo hiyo. Kurudishiwa fedha hakukutajwa. Wakati huo huo chupa ya aina ile ilikuwa ikinadiwa kwingineko kwa pauni 900.

Yawezekana kabisa kwamba duka lilisema kweli. Wauza wiski adimu hupewa mafungu madogo na wasambazaji, na wengi huuza kabla mali haijawafikia, wakitumaini kupata kumi wakapata sita. Lakini ni dhahiri pia kwamba muuzaji aliyeuza kwa 640 kitu kinachofika 900 ana kishawishi cha kusema hakipo. Mnunuzi hana njia ya kuingia ghalani akakague. Ndiyo maana sheria, pale inapofaa kuitwa sheria, haimwulizi muuzaji kwa nini. Humwuliza kama ametoa mali au hakutoa.

Sheria ya Haki za Mlaji ya Uingereza ya mwaka 2015 inasema kwamba, isipokuwa wamepatana vinginevyo, mfanyabiashara lazima akabidhi mali bila kuchelewa, na kwa vyovyote katika siku 30. Akishindwa, kwa kawaida mnunuzi humpa muda mwingine wa kadiri, na ukipita huo huhesabu mkataba kuwa umekwisha. Lakini muuzaji akikataa kabisa kukabidhi mali, au ikiwa mnunuzi alimwambia kabla ya mapatano kwamba siku fulani ni ya lazima, hapana haja ya kungoja muda wa pili. Mkataba ukimalizwa hivyo, fedha yote iliyolipwa inarudi bila kucheleweshwa. Hati ya duka si fedha. Mnunuzi anaweza kuikubali akitaka, lakini hawezi kulazimishwa.

Kisha iko haki nyingine ambayo watu wengi hawaijui hata huko kwao. Kurudishiwa 640 hakumpi mtu chupa inayouzwa 900. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ile ya mwaka 1893 iliyoigwa na Kenya na Tanzania Bara, na baadaye ile ya mwaka 1979, imeweka kipimo cha hasara ya mali isiyokabidhiwa: penye soko la bidhaa hiyo, ni tofauti kati ya bei ya mkataba na bei ya soko siku ambayo mali ilipaswa kukabidhiwa. Kwa hesabu hiyo ndugu yetu alikuwa na hoja ya kudai pauni 260 zaidi. Lakini madai yake si mepesi, kwa sababu maduka mengi huandika katika masharti yao kwamba mkataba haujafungwa mpaka mzigo utoke dukani, hata kama fedha imekwisha pokewa. Sharti kama hilo laweza kubishaniwa mahakamani, na mtu mwenye kibarua cha zamu ya usiku hana nafasi ya kwenda kubishana.

Tarehe 12 Desemba ikafika na mkono mtupu. Ndugu yetu anasema jambo lililomwuma si duka. Alisimama mbele ya watu akaeleza, na wengi walimwamini. Lakini nyuma alimsikia mmoja akinong'ona kwamba fedha ameila mgeni. Aliyewahi kushika hazina ya chama, hata cha kuzikana, anaujua mnong'ono huo. Kesho yake alibandika ukutani ankara, stakabadhi ya kadi, waraka wa benki na barua za duka. Hakuna aliyenong'ona tena, angalau si kwa sauti ya kusikika.

Alikuwa amekwisha kuliandikia duka kwamba anauhesabu mkataba umevunjika na anataka pauni zake 640 katika siku kumi na nne. Duka likanyamaza. Ndipo akakumbuka ile arabuni. Kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Walaji ya mwaka 1974 kinasema kwamba bidhaa ya bei inayozidi pauni 100, na isiyozidi 30,000, ikilipiwa kwa kadi ya mkopo, kampuni ya kadi hubeba dhima pamoja na muuzaji endapo mkataba umevunjwa. Na si lazima bei yote ipite katika kadi. Hata sehemu yake ikipita, kampuni yaweza kudaiwa bei yote. Alidai 640, si 120. Kampuni ilijaribu kwanza kumrudishia 120, akakataa kwa barua, akakitaja kifungu. Baada ya wiki saba alilipwa zote. Zile 260 aliziacha, na hatumlaumu.

Miezi mitatu baadaye lile duka likafilisika. Waliokubali hati za kununulia wakajikuta katika orodha ya wadai wasio na dhamana, nyuma ya benki na wengine, wakingoja wapewe senti ngapi katika kila pauni. Jambo hili lina historia. Mwaka 1975 mahakama ya Uingereza iliamua shauri la kampuni ya London Wine, iliyokuwa imewauzia watu mvinyo na kupokea fedha zao, huku makasha yamebaki ghalani. Wanunuzi walikuwa na vyeti vya kusema mvinyo ni wao. Mahakama ikauliza: kasha lipi ni la nani? Hakuna aliyeweza kulionyesha, kwa kuwa hakuna lililotengwa, na wanunuzi wakashindwa mbele ya benki. Mwaka 1994, katika shauri la Stapylton Fletcher, wanunuzi wa mvinyo walipata afueni, kwa sababu mfanyabiashara huyo alikuwa ameitoa mali yao katika mali ya biashara na kuiweka kando, ingawa imechanganyika wao kwa wao. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza liliirekebisha sheria ya 1979, hata mtu aliyelipia sehemu ya shehena inayojulikana akahesabiwa mshirika katika shehena hiyo. Lakini shehena lazima iwepo. Aliyelipia chupa ambayo haijawahi kufika dukani hana cha kushirikiana na mtu.

Twaona ajabu kwamba fikra hii si ngeni kwetu hata kidogo. Katika fakihi ya madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa watu wa pwani hii wameilelewa, kuna bei ya salam: mnunuzi hutoa thamani yote pale pale penye mapatano, na muuzaji huahidi kuleta mali iliyoelezwa sifa zake na kipimo chake. Mali isipopatikana muda ulipofika, hiari ni ya mnunuzi, akitaka atangoja, akitaka atavunja na kurudishiwa mali yake. Hiari si ya muuzaji. Tena mafakihi hao, akiwemo Imamu Nawawi katika Minhaji iliyosomwa na wazee wetu, hawakuikubali salam katika vitu ambavyo kupatikana kwake ni nadra, kama lulu kubwa. Walijua kwamba fedha ikishapokewa na kitu kikawa adimu, ugomvi uko njiani. Bila shaka wiski yenyewe haiingii kabisa katika mlango huo, kwani si mali ya kuuzwa kwa sharia. Twaichukua kanuni, chupa twaiacha kwa wenyewe.

Sasa maneno machache kwa waheshimiwa wa idara za biashara. Visiwani humu watu wanatanguliza fedha kila siku: mvuvi anaagiza mashine, fundi anaagiza mabati kutoka bara, mama anaagiza cherehani. Miaka ya 1970 tulipanga foleni na mali ikiwa haipo tuliiona haipo, na fedha yetu bado tumeikunja mkononi. Siku hizi fedha hutangulia kwa simu kabla mnunuzi hajaiona hata rangi ya bidhaa. Anayetuma hivyo hana kampuni ya kadi ya kusimama naye. Ana muuzaji peke yake, na pengine namba ya simu isiyopokelewa. Hatuombi ofisi mpya. Twaomba kila muuzaji anayepokea fedha kabla ya mali alazimike kutoa stakabadhi yenye tarehe ya kukabidhi mali na neno moja wazi kwamba tarehe ikipita fedha itarudi kama fedha. Na tunaomba ofisa atakayeletewa stakabadhi hiyo asimwambie mwananchi arudi wiki ijayo.

Kuhusu wananchi wenyewe, twamwiga ndugu yetu: aliandika siku anayoihitaji mali kabla hajalipa, alitunza kila karatasi, na hakupokea hati badala ya fedha. Alichokosea, kwa kauli yake mwenyewe, ni kuchelewa kuwaambia wenzake. Tarehe 24 Novemba alijua mali haipo, akanyamaza karibu wiki tatu akitumaini duka litabadili neno.

Fedha zilipofika aliandika orodha ya majina kumi na tisa na kiasi alichotoa kila mmoja, akawaita mmoja mmoja wapokee na kutia sahihi. Watu kumi na mmoja walimwambia fedha zao zibaki. Zikanunua saa ya ukutani, nayo akampelekea mzee yule nyumbani kwake mwezi wa Machi, kwa basi, imefungwa katika gazeti.