Utalii Utetewe Mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji

Anayekwenda kijijini kutetea utalii mara nyingi huanza na takwimu za taifa: mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, na sekta hii ni miongoni mwa zinazoongoza kwa kuingiza fedha za kigeni. Yote ni kweli. Lakini mkulima wa Mwada aliyekesha akiwafukuza tembo mahindini anataka kujua jingine: katika fedha hizo, kiasi gani kimefika hapa, na kimepokewa na nani?

Mwada ni kati ya vijiji vya wilaya ya Babati vinavyounda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Burunge, katikati ya hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara. Nyumbu, pundamilia na tembo hupita humo wakifuata maji na malisho. Mfumo wa jumuiya hizi ulitokana na Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998. Vijiji hutenga sehemu ya ardhi yao na kuunda chombo chao, kisha chombo hicho huingia mikataba na wawekezaji wenye kambi na hoteli. Mapato hugawanywa, na fungu la vijiji hurudi vijijini.

Kurudi kijijini, hata hivyo, si kufika nyumbani. Fedha huingia katika akaunti ya kijiji na kujenga darasa au zahanati. Darasa ni la wote, ila shamba lililoliwa usiku ni la mtu mmoja, na watoto wanaolala njaa ni wake. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa majeruhi na wafiwa, lakini malipo hayo hayakukusudiwa kuziba hasara yote. Mtetezi wa utalii anayelikwepa jambo hili haaminiki na, kwa maoni yangu, hastahili kuaminiwa.

Kwa majirani zetu wa Maasai Mara, Kenya, njia ni nyingine. Huko ardhi ya ranchi za vikundi iligawanywa kwa watu binafsi, hivyo hifadhi za jamii kama Mara Naboisho hukodi ardhi kwa wenyewe, na kodi humfikia mwenye hati moja kwa moja. Familia hujua utalii unaiingizia nini. Kasoro yake ni kwamba hati nyingi zina majina ya wanaume, na mama anayebeba mzigo wa nyumba huenda asiione fedha hiyo. Tanzania haiwezi kuiga tu mpango huo, kwa kuwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi. Kwetu, basi, hoja ya utalii mahali pake ni mkutano mkuu wa kijiji.

Mtetezi aende huko na hesabu: kambi ipi imelipa nini, fedha zimetumika wapi, vijana wangapi wa hapa wameajiriwa na kwa kazi gani. Wafugaji waelezwe waziwazi malisho yapi yatafunguliwa kiangazi na yapi yatafungwa, kwani hilo kwao ni suala la uhai wa mifugo. Tena aulize mayai, maziwa na nyanya za kambi vinanunuliwa wapi. Hapa ndipo ningesisitiza kuliko popote, kwa sababu manunuzi ndiyo njia ya fedha kuingia mkononi mwa mama bila kupitia kamati. Kambi itataka mzigo wa uhakika na wenye ubora, nayo ina haki. Kikundi cha akina mama nacho hakiwezi kusubiri miezi miwili kulipwa, maana mtaji wao ni mdogo. Mkataba useme malipo ni siku ya kupokea mzigo.

Na 2020 isifichwe. Janga la Uviko-19 lilishusha idadi ya watalii Tanzania hadi takriban 620,000, na vijiji vilivyotegemea ada za wageni viliyumba. Anayeahidi mapato yasiyotikisika anawatega watu. Sehemu ya fungu la kijiji iwekwe akiba katika msimu mzuri, kiwango chake kipitishwe na mkutano mkuu, na salio lisomwe hadharani kila robo mwaka pamoja na hesabu nyingine.